Nilipoelea, Nikadhani Nimeoza Ndani

Juzi nilipasua yai viza jikoni kwangu, hapa Kashai mjini Bukoba. Nilikuwa nimelinunua dukani pamoja na mengine manne, na kwa kuwa siku hizi nina haraka zisizo na maana, sikulijaribu kwanza kwenye maji. Harufu ilinifukuza hadi uani. Nikasimama pale nimeziba pua kwa pindo la khanga, mtu mzima mwenye wajukuu, nikaanza kucheka peke yangu. Harufu ile hainikumbushi mayai. Inanikumbusha majuma kadhaa ya utoto wangu niliyoyapitisha nikijinusa mwenyewe: kwapani, viganjani, hata pumzi yangu niliyoipuliza ndani ya mkono nikaiwahi kwa pua kabla haijapotea. Nilikuwa nangoja siku nitakayoisikia harufu hiyo ikitoka kwangu.

Kwetu ni upande wa Muleba, kijiji ambacho migomba yake inashuka mteremko hadi karibu na mawe ya ziwa. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka maisha yalivyokuwa: asubuhi mchakamchaka shuleni, siku fulani za juma wazazi wote kwenye shamba la ujamaa, jioni mama zetu wakienda darasa la watu wazima na daftari kwapani, vidole bado vyeusi kwa utomvu wa ndizi. Mama yangu alikuwa mtu wa kazi safi. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kununua akamwani yake, kahawa yetu ya kutafuna, ambayo wengine waliichemsha ovyo ovyo na majani yoyote waliyoyapata. Yeye aliichuma ikiwa bado ya kijani, akaimwaga kwenye beseni kubwa la bati lililojaa maji, kisha akaiacha itulie kabla ya kuipika.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Punje nzuri zilizama zikalala chini kama changarawe. Zile zilizotobolewa na wadudu, au zilizokauka ndani, zilibaki juu zikizungukazunguka. Mimi nilizichota kwa kiganja na kuzitupa kwenye shimo la takataka chini ya migomba. Maharage tuliyafanya vivyo hivyo kabla ya kuyainjika, yaliyobunguliwa yakabaki juu. Na mayai pia: linalolala chini ni zima, linalonyanyuka ni viza.

"Kinachoelea kimeharibika ndani," Mama aliniambia. "Usidanganywe na ganda. Tupa."

Neno hilo alilisema mara nyingi, bila ukali wowote, kama mtu anavyokuambia ufunge mlango. Nami nikalipokea kama nilivyopokea katekisimu, pasipo swali.

Mwaka mmoja kabla ya haya ninayosimulia tulikuwa tumemzika mdogo wangu, Deo. Alikuwa na miaka mitatu, mashavu yamejaa, kicheko chake kinasikika hadi kwa jirani. Jumatatu aliamka na homa, na Alhamisi hatukuwa naye. Matangani niliketi katikati ya magoti ya wanawake nikamsikia Mama akimwambia kila aliyeingia maneno yale yale: "Kwa nje hakuwa na kitu, jamani waitu. Kwa nje alikuwa mzima kabisa. Kumbe ugonjwa ulikuwa ndani." Baada ya hapo, kwa miezi mingi, ulikuwa ukimkuta amesimama katikati ya uwanja na ufagio mkononi, hafagii.

Mambo hayo mawili, la beseni na la Deo, yalikaa kichwani mwangu kila moja mahali pake. Hayakuwa yamekutana bado.

Jumamosi moja tulikwenda mwaloni, pale ufukweni mwa ziwa, kufua. Mama hakwenda ziwani hata siku moja. Maji ya kunywa tuliyateka kwenye chemchemi, na kufua alituachia sisi, mimi na dada yangu Felista aliyekuwa darasa la sita. Baada ya kuanika nguo juu ya mawe tulioga kwenye kidimbwi cha ziwa kilichozungukwa na mawe makubwa, ambapo maji yalinifika kifuani na mawimbi hayakuingia. Siku hiyo Felista aliapa kwamba atajifunza kuogelea. Alijitupa kifudifudi, akapiga kelele, akazama, akaibuka anakohoa na nywele zimejaa mchanga. Akajaribu tena, akazama tena. Wasichana wenzetu walicheka hadi wakashika mawe.

Mimi nilikuwa nimechoka kucheka. Nikajilaza tu chali juu ya maji, kama mtu anayejilaza kwenye nyasi. Masikio yakaingia majini na kelele zote zikazimika. Niliona mbingu na tai mmoja anazunguka. Maji yalikuwa yamenibeba mgongoni. Sijui nilikaa vile kwa muda gani, ila nakumbuka kwamba ilikuwa raha kuliko zote nilizowahi kuzipata hadi umri ule.

Kisha nikasikia kwa mbali, kama mtu anasemea ndani ya mtungi: "Mtazameni Koku! Koku anaelea!"

Nikasimama ghafla. Walikuwa wamenizunguka, wananishangaa. Mmoja mmoja wakajaribu kufanya kama mimi, na mmoja mmoja wakapiga kelele wakazama. Felista alizama kuliko wote. Nikarudia mara ya pili kwa makusudi, nikitumaini nitazama. Nikaelea. Mara ya tatu, nikaelea. Hapo ndipo beseni la Mama na mdogo wangu Deo walipokutana kichwani mwangu, na nikatoka majini nikitetemeka juani.

Nilikuwa nimeharibika ndani. Kwa nje nilikuwa mzima kabisa.

Sikumwambia mtu. Siyo kwamba sikutaka kusaidiwa. Nilimwona Mama amesimama uwanjani na ufagio, nikafikiri kwamba akijua mapema atalia mapema, na kama nikinyamaza atakuwa na siku chache zaidi za kufagia. Kwa akili ya mtoto wa miaka tisa huo ulikuwa uungwana mkubwa. Halafu, niseme ukweli, kulikuwa na lile neno lingine alilolisema kila mara. Tupa. Sikuamini hasa kwamba Mama angenitupa. Lakini sikutaka kumpa nafasi ya kufikiri.

Mwanzoni nilijipa moyo kwamba labda niko tupu tu, kama punje iliyokauka, na kitu kitupu kinaweza kujazwa. Kwa juma zima nilikula kama mkulima wa kahawa. Nilimaliza ndizi na maharage yangu, nikakomba sahani ya Felista, nikanywa uji wa asubuhi vikombe vitatu. Tata, baba yetu, alifurahi akasema sasa nakua. Jumamosi nilikimbilia ziwani kabla ya wengine, tumbo limejaa, nikajilaza. Nikaelea kama gome la mti.

Basi haikuwa utupu. Ilikuwa kuoza. Tangu siku hiyo chakula kilinikaa kooni. Kila tonge nililomeza nililiona likishuka kwenda mahali pabovu. Nikaanza kumega kidogo na kingine nakificha kumpa mbwa. Shuleni, kwenye mchakamchaka, nilibaki nyuma ya mstari, na siku moja miguu iliniishia nikakaa chini barabarani huku wenzangu wakipita wanaimba. Nilimpa jirani yangu wa dawati kalamu yangu na kifutio. Aliponiuliza kwa nini, nilimwambia sina kazi navyo.

Wakati huo tulikuwa tunajiandaa kwa komunyo ya kwanza, kwa hiyo tulipaswa kuungama. Nilipiga magoti, nikataja kumjibu vibaya Felista na kuiba karanga, nikanyamaza. Padri akauliza kama kuna jingine.

"Naelea," nikasema.

"Unafanya nini?"

"Naelea, Padri. Kwenye maji."

"Wazazi wako wanakukataza kwenda ziwani?"

"Hapana. Wananituma kufua."

"Basi hiyo siyo dhambi, mwanangu. Angalia tu usiende kwenye kina." Akanipa Salamu Maria tatu kwa ajili ya karanga. Nilitoka kanisani nimeinamisha kichwa. Kama ingekuwa dhambi ingefutwa. Kumbe haikuwa, na hakuna sala iliyokuwa imetengwa kwa ajili yangu.

Mama aliona. Mtu aliyekwisha kumzika mtoto mmoja huona hata kivuli kikipungua. Alinivua gauni akanihesabu mbavu kwa vidole, na asubuhi yake tukaenda zahanati, ile iliyojengwa na wanakijiji wenyewe kwa matofali tuliyoyabeba hata sisi watoto. Mganga wa zahanati alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alinisikiliza kifua, akanibonyeza tumbo, akatazama ulimi na macho. Kisha akamgeukia Mama.

"Mama, kwa nje sioni kitu chochote."

Najua sasa kwamba alikusudia kututuliza. Lakini mimi na Mama tulitazamana, na kwa mara ya kwanza tuliogopa kitu kimoja. Maneno yalikuwa yale yale ya matangani. Akatupa dawa ya minyoo. Njiani kurudi Mama alinibeba mgongoni, mimi msichana mkubwa wa darasa la tatu, na sikukataa.

Jioni hiyo Tata alisema hapana, hatutangoja tena. Jumatatu tutapanda basi kwenda hospitali kubwa Bukoba, na tutafikia kwa ndugu yake aliyeishi Kitendaguro, palepale mjini, hadi nitakapopona. Mama alisema "kama atapo..." kisha akajikatiza. Akatoka nje. Nilimsikia nyuma ya nyumba akilia kwa sauti ya chini, sauti ambayo mtu huifinya kwa khanga. Kwa hiyo ule uungwana wangu wote haukuwa umesaidia kitu. Alikuwa analia kabla ya wakati hata hivyo.

Jumamosi mchana, siku mbili kabla ya safari, Mama alikuwa anatayarisha akamwani. Nadhani alitaka tu mikono yake ifanye kitu. Aliniketisha kivulini nisifanye kazi, akachagua mwenyewe, akaziinjika zile nzuri motoni, kisha akainuka kwenda kumwaga zile zilizoelea. Lakini nyuma ya banda la mbuzi alikuta kopo la zamani la samli limejaa punje mbovu hadi juu, na zingine zimefunikwa kwa jani la mgomba.

"Felista!" aliita. "Nani kaweka hizi hapa?"

"Siyo mimi, Mama. Kutupa ni kazi ya Koku."

Mama akaja na kopo akasimama mbele yangu. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Za nini? Hizi si tunatupa?"

Ilikuwa kweli kwamba tangu siku ile ziwani sikuwa nimetupa hata moja. Nilizikusanya kwa siri, kila mara kiganja kimoja. "Nazionea huruma," nikasema, na niliposema hivyo kila kitu kikafunguka kwa mkupuo, kilio na makamasi na maneno. Nikamwambia kwamba na mimi naelea. Kwamba nilijaribu mara nyingi na kila mara naelea, wenzangu wote wanazama, na nilikula sana lakini haikusaidia, na Padri alisema siyo dhambi, na daktari alisema kwa nje hakuna kitu, na kwamba asinipeleke Bukoba kwa sababu nimeshaoza ndani kama Deo.

Mama aliweka kopo chini polepole.

"Nani kakuambia anayeelea ameoza?"

"Wewe."

Sijawahi kuuona tena uso wa mtu mzima ukibadilika vile. Alikaa chini palepale vumbini, miguu imenyooka, kama mtu aliyesukumwa. "Mwana wange," akasema. "Mwana wange, nilisema kahawa. Nilisema maharage." Kisha akaona mwenyewe kwamba jibu hilo halitoshi. Kama ni kweli kwa kahawa, kwa nini isiwe kweli kwa mtoto? Yeye mwenyewe hakujua. Alijua tu kwa mikono yake kwamba punje mbovu hukaa juu, kama mama yake alivyojua.

Felista ndiye aliyetuokoa. Alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha kumenyea ndizi, mdomo wazi. "Lakini hilo tumefundishwa," akasema. "Maji hayajui kizima na kilichooza. Mwalimu alisema yanapima tu. Kitu kikiwa kizito kuliko maji yale ambayo kimeyachukulia nafasi, kinazama. Kikiwa chepesi kuliko hayo, kinaelea. Basi."

"Na kahawa?" Mama aliuliza kwa haraka, kama anauliza njia.

"Mdudu amekula nyama ya ndani akaacha hewa. Hewa ndiyo inayoinyanyua. Na Koku kifuani mwake kuna hewa, ila yake ni ya kupumulia. Mimi nazama kwa sababu naogopa, napiga kelele, pumzi yote inaniishia, halafu natapatapa."

Mama hakuridhika na maneno. Alikuwa mtu wa kujaribu. Aliingia ghalani akatoka na boga zima alilolikumbatia kwa mikono miwili, zito, akaliachia ndani ya beseni. Maji yakamwagika pande zote na boga likabaki juu, likiyumbayumba. Akalipasua mbele yangu. Ndani lilikuwa la njano, safi, mbegu zimejipanga, na katikati uwazi. Akatafuta kiazi kitamu kilichooza, chenye maji na uvundo, akakitosa. Kikazama moja kwa moja. Akakitazama kule chini kwa muda mrefu.

"Twendeni ziwani," akasema.

Aliacha moto, akaacha kahawa, hakufunga hata mlango. Tulishuka mteremko sisi watatu katikati ya migomba, mimi nimeshikwa mkono kwa nguvu hadi vidole vinauma. Mwaloni palikuwa kimya, nguo za watu wengine zimeanikwa. Mama alivua khanga ya juu, akabaki na gauni, akaingia kwenye kidimbwi chetu cha mawe hatua kwa hatua, amefumba macho kila maji yalipopanda. Alikuwa amezaliwa umbali wa dakika kumi kutoka ziwa lile na hakuwa amewahi kuingia majini mwake.

"Nishikeni."

Felista alimshika mabega, mimi nikaweka mikono chini ya mgongo wake. Alikuwa mgumu kama ubao. Nikamwambia, "Mama, vuta pumzi. Usipige kelele. Lala kama kwenye nyasi." Akavuta pumzi. Nilihisi mgongo wake ukilegea, kisha ukawa mwepesi, mwepesi zaidi, hadi haukugusa viganja vyangu.

"Mmeniachia?" aliuliza, macho bado yamefumbwa.

"Zamani!" Felista akapiga kelele.

Akafumbua macho. Gauni lake la maua lilikuwa limetanda pembeni yake, na uso wake ulikuwa juu ya maji kama wa mtu aliyelala. Nikamwona anaanza kucheka bila sauti, tumbo linatikisika, na machozi yanamtiririka kuelekea masikioni kuingia ziwani. "Basi nitupeni na mimi," akasema. Alipotoa pumzi kwa kicheko kile, miguu yake ikazama, akanywa maji, tukamkamata sote wawili tukaanguka pamoja. Halafu Felista alinifundisha kutoa pumzi yote hadi kifua kikauke, na mimi, Koku, nikazama. Nilikaa chini kwenye mchanga nikiiangalia miguu yao kupitia maji ya kijani, na sijui kama kuna mtu amewahi kufurahi hivyo kwa kuzama.

Tulipokuwa tumekaa juu ya jiwe tunajikausha, Mama alisema, bila kutazama yeyote kati yetu, "Deo alikuwa na homa kali. Homa huua watoto. Hakuwa ameoza." Akalirudia tena neno la mwisho, taratibu, na nafikiri siku ile alijiambia mwenyewe zaidi kuliko alivyoniambia mimi.

Nyumbani tulimkuta Tata katikati ya uwanja, amerudi kutoka shamba la ujamaa na jembe begani. Amekuta mlango wazi, boga limepasuliwa, kahawa imeungua inatoa moshi, hakuna mtu. Alipotuona sote watatu tumelowa, jembe lilimponyoka.

"Nani kazama?" aliuliza.

"Hakuna," Mama akajibu. "Tumetoka kuelea."

Akamtazama mkewe kana kwamba ndiye anayepaswa kupelekwa Bukoba. Akafungua mdomo aulize tena. Lakini mimi nilikuwa nimesikia kitu tumboni ambacho sikuwa nimekisikia kwa majuma mengi, nikakisema kwa sauti kabla hakijaondoka.

"Tata, nina njaa."

Kwetu, siku zile, mwanamume haingii jikoni. Hata kuokota kaa la kuwashia kiko alimtuma mtu. Tata alisimama akinitazama, maji yananichuruzika miguuni. Kisha akainama, akachukua kisu cha Felista pale mlangoni, akaingia jikoni akakaa kwenye kigoda cha Mama, akavuta mkungu wa ndizi. Aliacha nusu ya ndizi kwenye maganda. Hakuna aliyemsahihisha. Mama alikaa kizingitini akikamua gauni lake, na kila Tata alipomaliza ndizi moja aligeuka kunitazama, kuhakikisha bado nina njaa.

Nilikuwa nayo.